Laini Yako, Kitambulisho Chako: Elimu kwa Umma Kuhusu Fedha za Al-Shabaab

Tangu sheria za kupambana na utakatishaji wa fedha na ufadhili wa ugaidi zifanyiwe marekebisho mwaka 2023, na hasa baada ya FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya fedha haramu, kuiweka Kenya Februari 2024 kwenye orodha ya kijivu, yaani ya nchi zenye mapungufu na zinazofuatiliwa kwa karibu, benki na watoa huduma za pesa kwa simu wamekaza kamba. Malalamiko nayo yameongezeka. Wateja wanataka kujua kwa nini muamala umezuiwa, kwa nini wanaulizwa pesa zimetoka wapi, na kwa nini karani anayewahudumia hasemi lolote. Hayo ni maswali ya haki, na tutayajibu. Lipo moja tu linalotuchosha: "Mimi na Al-Shabaab wapi na wapi?"

Wengi bado wanaamini kundi hili linaishi kwa mabegi ya dola kutoka ng'ambo. Al-Shabaab lilichipuka katika Muungano wa Mahakama za Kiislamu, likapata nguvu baada ya majeshi ya Ethiopia kuingia Somalia mwishoni mwa 2006, na mwaka 2012 likatangaza kujiunga na Al-Qaeda. Vikosi vya Umoja wa Afrika vimekuwa Somalia tangu 2007, kwanza AMISOM, kisha ATMIS, na tangu Januari 2025 AUSSOM. Kundi liliondoka Mogadishu Agosti 2011, likapoteza Kismayo mwaka uliofuata, na bado lipo. Sababu ni nyingi, ila iliyo kubwa kwetu sisi tunaofuatilia fedha ni kwamba linajua kutoza ushuru. Mwaka 2020, taasisi ya utafiti ya Hiraal ya Mogadishu ilikadiria kuwa linakusanya takriban dola milioni 15 kwa mwezi, na zaidi ya nusu hutoka Mogadishu kwenyewe, mji ulio mikononi mwa serikali.

Namna linavyokusanya inajulikana. Lori likifika kwenye kizuizi chao kusini mwa Somalia, dereva hulipa kulingana na mzigo na kupewa risiti. Akifika kizuizi cha pili anaionyesha na kupita bila kulipa tena. Kwenye vizuizi vya askari wa serikali au wanamgambo wa koo, madereva wamelalamika miaka mingi kwamba hulipishwa kila kituo na hakuna risiti. Mwenye duka Mogadishu hupigiwa simu, hutajiwa kiasi, na anajua vizuri yatakayomkuta akikataa. Mfugaji hutolewa mifugo kwa jina la zaka. Mwenye kuingiza makontena bandarini naye ana kiwango chake. Oktoba 2022, Wizara ya Biashara ya Somalia ilitangaza kuwa mfanyabiashara atakayelilipa kundi atapoteza leseni. Kumlaumu mtu aliyebanwa hivyo pande zote mbili ni rahisi ukiwa umekaa ofisini Nairobi. Mkenya anayeuza laini yake ya simu kwa shilingi mia chache hana kisingizio hicho.

Pesa ikishakusanywa lazima itembee, na hapo ndipo wewe unapoingia. Katika shambulio la Al-Shabaab kwenye hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 2019, watu 21 waliuawa. Juni 2025, Mahakama Kuu iliwahukumu wanaume wawili kifungo cha miaka 30 kila mmoja kwa kuwasaidia washambuliaji. Hao wawili hawakufyatua risasi hata moja. Kesi yao ilihusu fedha na vitambulisho vya bandia.

Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, kifungu cha 5, inamhusu anayekusanya au kutoa mali au huduma, awe amekusudia au anajua kuwa itatumika kwa ugaidi, au awe na sababu za kutosha za kuamini hivyo. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 20. Uanachama wa kundi lililopigwa marufuku unaweza kukupeleka gerezani hadi miaka 30. Tafadhali zingatia maneno "sababu za kutosha za kuamini". Mtu usiyemjua akikuomba usajili laini tano kwa kitambulisho chako, akakulipa, na pesa zikaanza kuingia na kutoka usiku kwa mafungu madogo madogo, usije ukaiambia mahakama kuwa hukujua. Kwamba kiasi kilikuwa kidogo pia si utetezi. Kifungu hakitaji kiwango cha chini.

Hapa lazima tuseme jambo kuhusu hawala, yaani kutuma pesa kupitia mawakala wanaoaminiana badala ya benki, maana upotoshaji unatoka pande zote. Hawala si haramu, wala si biashara ya magaidi. Familia nyingi za Somalia hula kwa pesa wanazotumiwa na ndugu walio nje. Baada ya shambulio la Al-Shabaab kwenye Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, serikali ya Kenya ilisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha, na walioumia kwanza walikuwa wagonjwa, wanafunzi na kina mama waliokuwa wakingoja pesa ya mwezi. Miezi michache baadaye ziliruhusiwa kurudi. Kinachotakiwa ni leseni ya Benki Kuu chini ya kanuni za utumaji fedha za 2013 na kumbukumbu za nani amemtumia nani. Kwa hiyo anayemwita kila mwenye duka la hawala Eastleigh gaidi hatusaidii. Pesa ikikimbizwa kwenye njia halali inahamia mahali ambapo hatuioni kabisa.

Sasa kuhusu ukimya wa karani. Taasisi ikiutilia shaka muamala, hupeleka ripoti Kituo cha Taarifa za Kifedha (FRC), taasisi ya serikali inayopokea ripoti za aina hiyo. Sheria ya 2009 ya kupambana na utakatishaji wa fedha inamkataza mfanyakazi kumdokezea mteja kwamba ripoti imepelekwa. Akifanya hivyo anaweza kufungwa hadi miaka 7, au kutozwa faini hadi shilingi milioni 2.5, au vyote viwili. Kwa hiyo kumtukana dirishani hakutaharakisha chochote. Ripoti yenyewe si mashtaka, na nyingi huishia faili kufungwa.

Tatizo la majina ni kubwa zaidi, na tunakubali linaudhi. Mifumo hulinganisha jina lako na orodha za vikwazo, ikiwemo ya Umoja wa Mataifa ambayo Al-Shabaab limo tangu Aprili 2010. Majina kama Mohamed, Ali, Hassan na Abdi yanajirudia mno, hivyo mtu asiye na hatia hukwama. Ukikwama, peleka kitambulisho au pasipoti yenye tarehe na mahali pa kuzaliwa, majina yote matatu au manne kama yalivyoandikwa, namba ya PIN ya KRA, na hati ya chanzo cha pesa: stakabadhi ya mshahara, mkataba wa mauzo, au barua ya anayekutumia. Omba kupewa jibu kwa maandishi. Usitume picha za hati kwa namba ya simu uliyopewa na "mtu anayewajua watu benki". Huyo ndiye atakayesajili laini kwa jina lako. Anayeamini ameingizwa kimakosa kwenye orodha yenyewe ya Umoja wa Mataifa ya vikwazo dhidi ya Al-Shabaab, tofauti na kufanana jina tu, ana njia ya kuomba kuondolewa kupitia ofisi ya maombi iliyoundwa na azimio 1730 la Baraza la Usalama, la mwaka 2006. Maombi hayo yanaweza kupelekwa na mhusika mwenyewe au wakili wake.