Kiran Bedi hakuwahi kuwa "IGP wa India"

Machi 8, Siku ya Wanawake, ikikaribia, picha ya Kiran Bedi huanza kuzunguka kwenye magrupu: nywele fupi, kofia ya polisi, macho makavu. Maelezo yanayoambatana nayo hayabadiliki. Ni mwanamke wa kwanza kuwa polisi nchini India, na alipanda ngazi hadi akawa IGP wa nchi nzima. La kwanza ni nusu kweli. La pili si kweli hata chembe, kwa sababu kiti cha IGP wa nchi nzima India hakipo, si kwake wala kwa mwanamume yeyote.

Tumalize maana haraka. IPS, zile herufi tatu unazoziona begani kwa maafisa wa polisi wa India, ni Utumishi wa Polisi wa India. Si jeshi la polisi. Ni kundi la maafisa: watu waliofaulu mtihani mkali wa tume ya utumishi ya serikali kuu, au waliopandishwa kutoka utumishi wa polisi wa jimbo, ambao hugawiwa majimbo mbalimbali kwenda kuwaongoza polisi wa huko. IPS haina konstebo, haina kituo, haina mahabusu. Ina nafasi takriban 5,000 za maafisa, wakati polisi wa majimbo wote wanazidi milioni 2.

Polisi wenyewe ni wa jimbo. Katiba ya India, katika Jedwali la Saba, imeweka polisi na ulinzi wa amani kwenye orodha ya mambo ya majimbo. Majimbo yako 28, na kila moja lina jeshi lake, sheria zake na mkuu wake. Konstebo wa Kerala hana bosi Punjab. Delhi ni habari nyingine, kwa kuwa polisi wake wako chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya serikali kuu. Vipo pia vyombo vya kitaifa kama CBI ya upelelezi, BSF ya mipakani na CRPF ya polisi wa akiba, kila kimoja na mkuu wake, lakini hakuna hata mmoja kati ya hao anayewaamuru polisi wa majimbo. Kwa hiyo anayetafuta "mkuu wa polisi wa India" anatafuta kiti ambacho hakijawahi kuchongwa.

Mpangilio huu una historia. Mwingereza aliacha utumishi wa polisi wa kifalme, na mwaka 1948 nafasi yake ikachukuliwa na IPS. Vallabhbhai Patel, waziri wa mambo ya ndani wa kwanza baada ya uhuru, aliupigania sana mfumo wa maafisa wanaoajiriwa na serikali kuu lakini wanaotumikia majimbo. Chuo chao kilianza Mount Abu, Rajasthan, mwaka huohuo wa 1948, kikahamia Hyderabad mwaka 1975, na leo kinabeba jina la Patel. Matokeo yake afisa wa IPS ana mabwana wawili. Waziri mkuu wa jimbo anaweza kumhamisha kesho asubuhi akampeleka kwenye ofisi isiyo na kazi, lakini hawezi kumfukuza kazi. Ndiyo maana maisha ya maafisa hawa yamejaa uhamisho, na ndiyo maana wakijitambulisha hutaja mambo mawili kabla ya cheo: mwaka walioingia, na jimbo walilogawiwa.

Sasa tufike kwenye IG, maana hapo ndipo mkanganyiko wote unapozaliwa.

Sisi tukisikia Inspekta Jenerali tunajua ni mtu mmoja tu, yule anayeapishwa na Rais na kuonekana taarifa ya habari jioni. Tanzania ni hivyo, Uganda ni hivyo. Kenya walikuwa na Kamishna wa Polisi hadi Katiba ya 2010 ilipoleta cheo cha Inspekta Jenerali, na David Kimaiyo akawa wa kwanza kukikalia mwaka 2012. India, Inspekta Jenerali ni cheo tu. Juu yake yuko Mkurugenzi Mkuu wa Ziada, na juu ya huyo yuko Mkurugenzi Mkuu, yaani DGP. Afisa huweza kufikiriwa kupandishwa kuwa IG akishatimiza miaka 18 kazini. Jimbo moja linaweza kuwa na ma-IG wengi kwa wakati mmoja: huyu wa kanda, huyu wa mafunzo, yule wa upelelezi, mwingine wa magereza. Begani anavaa upanga na rungu vilivyopishana, na nyota moja. Mkurugenzi Mkuu mahali pa nyota anaweka nembo ya taifa, wale simba wa Ashoka.

Cha kuchekesha ni kwamba cheo hiki kwetu na kwao kimetoka kwa mkoloni mmoja. Waingereza walikuwa nacho Ireland, ambako sheria ya 1836 iliweka jeshi la polisi chini ya inspekta jenerali mmoja. Jenerali Mwingereza Charles Napier alipoiteka Sindh, ambayo sasa iko Pakistan, mwaka 1843 aliunda polisi kwa kuiga wa Ireland. Baada ya maasi ya 1857 ikaja Sheria ya Polisi ya 1861, iliyowapa polisi wa kila himaya ndogo ndani ya India mkuu mmoja aitwaye Inspekta Jenerali. Kwa hiyo wakati ule IG wa India kweli alikuwa kileleni, ila kileleni pa jimbo, si pa nchi. Kisha majeshi yakanenepa, majimbo yakaweka vyeo vipya juu yake, na kufikia miaka ya 1980 DGP ndiye alikuwa mkuu wa polisi wa jimbo. IG akashuka bila kuhama kiti. Huku kwetu, ambako koloni zima lilikuwa na jeshi moja, alibaki juu peke yake. (Si polisi tu waliovuka bahari. Kanuni ya adhabu ya India ilitumika mahakamani Kenya na Tanganyika hadi 1930.)

Sasa mtazame Bedi. Alizaliwa Amritsar mwaka 1949, akaingia IPS mwaka 1972, akafunzwa Mount Abu kabla chuo hakijahama. Hakugawiwa jimbo kubwa kama Punjab kwao, bali kundi la maeneo yaliyo chini ya serikali kuu, Delhi ikiwemo. Ndiyo sababu kazi yake ilimzungusha Delhi, Goa na Mizoram, jambo ambalo wasiojua husoma kama adhabu kila mara. Na mwaka 1993 akateuliwa Inspekta Jenerali wa Magereza wa Delhi, akakabidhiwa Tihar, gereza lililokuwa na watu zaidi ya 9,000, wengi wao mahabusu waliokuwa hawajahukumiwa. Ni huko alikoanzisha masomo, akapambana na dawa za kulevya, na mwaka 1994 akamkaribisha mwalimu S. N. Goenka kuwafundisha wafungwa zaidi ya 1,000 kwa pamoja kutafakari kwa njia ya Vipassana. Mwaka huohuo alipata tuzo ya Ramon Magsaysay. Kazi ya maana kabisa. Lakini tazama neno lililoanguka njiani: IG wa Magereza wa Delhi. Mtu alipoona "IG" hakuendelea kusoma.

Mtego wa pili ni mbaya zaidi kwa sababu herufi zinafanana kabisa. Mtanzania akisoma kwamba mwaka 1982 "DCP Kiran Bedi" alisimamia usalama barabarani Delhi wakati wa Michezo ya Asia, atawaza Naibu Kamishna wa Polisi, mtu wa makao makuu ambaye kati yake na IGP imebaki ngazi moja. Sivyo. Katika miji mikubwa ya India yenye mfumo wa kamishna, vyeo vya kawaida hubadilishwa majina. Mrakibu wa Polisi, yule ambaye wilayani angeitwa SP, akiwa mjini anaitwa DCP. ACP wa Delhi yuko chini ya SP, wakati ACP wetu, Kamishna Msaidizi, yuko juu ya Mrakibu Mwandamizi na mara nyingi ndiye kamanda wa polisi wa mkoa. Filamu za Kihindi zilizotiwa sauti ya Kiswahili zimetuharibu hapa: jamaa anaitwa ACP, anavunja milango kwa mguu mwenyewe, na mtafsiri anamwita kamishna. Kamishna gani wa kukimbizana na vibaka sokoni?

Kamishna mwenyewe India si cheo, ni wadhifa. Kolkata, Mumbai na Chennai walikuwa na makamishna tangu zamani za ukoloni. Delhi ilipata mfumo huo mwaka 1978 tu. Anayekalia kiti hicho Delhi huwa na cheo cha Mkurugenzi Mkuu, lakini mwenzake wa mji mdogo zaidi anaweza kuwa IG. Sisi tofauti hii tunaijua vizuri kwa watu wetu. Kamanda wa polisi wa mkoa ni wadhifa, Kamishna Msaidizi Mwandamizi ni cheo, na hakuna anayevichanganya. Tukivuka maji tunasahau.

Na kwa Bedi tofauti hiyo ndiyo kisa chenyewe. Cheo alikipata. Alifika Mkurugenzi Mkuu, ngazi ya mwisho, akaongoza ofisi ya utafiti na maendeleo ya polisi. Kati ya 2003 na 2005 alikuwa mshauri wa polisi wa Umoja wa Mataifa. Alichokosa ni wadhifa. Mwaka 2007 ukamishna wa Delhi ulipokuwa wazi, alipewa Y. S. Dadwal, aliyeingia kazini mwaka 1974, miaka miwili nyuma yake. Bedi aliona amerukwa, akasema hivyo hadharani, akaomba kustaafu mapema na mwisho wa mwaka akaondoka. Wapo wanaosema alinyimwa kwa kuwa mwanamke, wapo wanaokumbusha mgogoro wake na mawakili wa Delhi mwaka 1988. Baadaye aligombea uongozi wa Delhi kwa tiketi ya chama cha BJP mwaka 2015 akashindwa, kisha akawa Luteni Gavana wa Puducherry kuanzia 2016 hadi 2021. Ukimwandika kuwa alikuwa mkuu wa polisi wa nchi unafuta uchungu uliomtoa kazini.

Tukirudi kwenye ile nusu kweli, Bedi ni mwanamke wa kwanza kuingia IPS. Hakuwa polisi mwanamke wa kwanza. Travancore, sehemu ambayo sasa ni ya Kerala, ilikuwa imeajiri polisi wanawake tangu 1933, miaka 16 kabla hajazaliwa, na majina ya wale hayazunguki kwenye grupu lolote. Husimuliwa pia kwamba aliivuta gari ya waziri mkuu Indira Gandhi. Gari hiyo ya ofisi yake, iliyoegeshwa vibaya mwaka 1982, aliyeiandikia faini ni sab-inspekta wa Bedi. Bedi alichofanya ni kukataa kumruka mtu wake lawama zilipokuja, na kwangu hilo lina uzito kuliko kuvuta gari.

Kama kinachotafutwa Machi 8 ni mwanamke aliyewahi kuwa mkuu wa polisi, yupo. Kanchan Chaudhary Bhattacharya aliingia IPS mwaka 1973, mmoja nyuma ya Bedi, na mwaka 2004 akawa DGP wa Uttarakhand, mwanamke wa kwanza India kuongoza polisi wa jimbo zima, hadi alipostaafu 2007. Alifariki mwaka 2019. Picha yake nayo inapatikana kwa urahisi, na maelezo ya chini mnaweza kuandika hivi tu: mkuu wa polisi wa Uttarakhand.