Fainali imepotea nawe uko mbali: wanayosema watu, na ukweli wake

Tarehe 24 Mei 2014, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Lisbon. Atlético Madrid, timu yangu, wanaongoza 1-0 dhidi ya Real Madrid tangu dakika ya 36, goli la kichwa la Diego Godín. Dakika 90 zimeisha, na mimi niko maelfu ya kilomita kutoka Lisbon, na kutoka Madrid pia, nimesimama mbele ya televisheni na rimoti mkononi, kana kwamba nikikaa tu tutafungwa. Dakika ya 93 Luka Modrić wa Real akapiga kona, Sergio Ramos akaruka kuliko wote, ikawa 1-1. Kwenye dakika 30 za nyongeza wakaongeza Bale, Marcelo na Ronaldo. 4-1. Asubuhi niliikuta rimoti haina kifuniko cha betri. Sikumbuki kuitupa. Nadhani niliiminya tu.

Tangu usiku ule nimeambiwa mengi, na watani na wenye kunihurumia, na miaka miwili baadaye nikaambiwa tena yaleyale. Machache ndiyo ya kweli.

"Timu yenyewe si ya kwenu, unaumia nini?"

Hili husemwa kwanza, na husemwa kwa uhakika kuliko yote. Maana yake ni kwamba uchungu una mipaka: aliyezaliwa jirani na uwanja ana ruhusa ya kulia, aliyezaliwa mbali anajitia wazimu.

Mwili hauitambui mipaka hiyo. Brazil na Italia walipocheza fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1994, watafiti nchini Marekani waliwapima mate mashabiki wa pande zote mbili, kabla na baada ya mechi. Hawakuwa uwanjani hao, walikuwa wanatazama kwenye televisheni. Homoni ya testosteroni ilipanda kwa waliokuwa upande wa Brazil, ikashuka kwa wa Italia. Hakuna hata mmoja wao aliyegusa mpira siku ile.

Utasema wale walikuwa wanashangilia nchi zao. Sawa. Lakini mwaka 1976 mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake waliwachunguza wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, watu ambao wako na chuo chao kwa miaka michache tu, na wakakuta kwamba timu ya chuo ikishinda, Jumatatu nguo zenye nembo ya chuo huongezeka. Tena wakisimulia mechi waliyoshinda, wanafunzi walisema "sisi" zaidi kuliko wakisimulia waliyopoteza. Sisi wenye Kiswahili tunalijua hilo bila kupimwa: Jumamosi hii "tumeshinda", Jumamosi ijayo "wamefungwa". Silabi moja inabadilika, na mtu ameshajitoa. Shabiki wa mbali ndiye angejitoa kirahisi kuliko wote, maana hana jirani wa kumuuliza jezi imekwenda wapi. Anayebaki kusema "tumefungwa" akiwa bara jingine hajachanganyikiwa. Mlango uko wazi, yeye kakataa kuutumia.

"Mwenye uchungu hasa ni aliyekuwa uwanjani"

Hili nililiamini hadi 2016. Fainali San Siro, Milan, tena Real, tena sisi. Sare ya 1-1, matuta. Juanfran akagonga mwamba, Ronaldo akamaliza kazi, 5-3. Kisha Juanfran akatembea mpaka upande wa mashabiki wa Atlético, machozi yanamtoka, akawaomba radhi. Wakampigia makofi.

Niliyatazama yale kwenye skrini nikaelewa ninachokosa. Wale walikuwa na mtu wa kumsamehe ana kwa ana. Walikuwa na ngazi za kushuka pamoja, na safari ndefu ya kurudi ambayo kila aliyevaa nyekundu na nyeupe hahitaji kuelezwa kitu. Uchungu wao ulikuwa na mahali pa kukaa. Mimi nilibonyeza kitufe, chumba kikawa kimya. Chumba cha pili kulikuwa na mtu amelala, hivyo hata kupiga ukelele haikuwezekana. Nikavua jezi, nikaikunja vizuri, bega kwa bega, mikono kwa ndani, utadhani naenda kuirudisha dukani.

Halafu kuna mambo ya saa. Fainali inayoanza saa 3:00 usiku kwa saa za Ulaya ya kati ni saa 10:00 alfajiri Tokyo, na saa 6:00 mchana Los Angeles. Wa Madrid anafungwa usiku, analala, au anajaribu. Wa Tokyo anafungwa kunakucha, na siku nzima bado inamsubiri, imejaa watu ambao hawajui hata kwamba kulikuwa na mechi. Sishindani na mtu kwamba nani kaumia zaidi. Ninachosema ni kwamba umbali haupunguzi machungu, unapunguza watu wa kulia nao. Ndiyo maana shabiki wa mbali huonekana kama anatia chumvi: kilio kilekile, ila hakina kwaya.

"Angalau mlifika fainali"

Huyu anakutakia mema, usimgombeze. Ila hesabu yake haiko sawa. Kwenye Olimpiki ya Barcelona ya 1992 watafiti walitazama nyuso za wanamichezo mara baada ya matokeo na pale jukwaani, wakakuta waliopata shaba wanaonekana wenye furaha kuliko waliopata fedha. Wa tatu anawaza angeweza kukosa kabisa. Wa pili anawaza dhahabu ilivyokuwa karibu. Kwenye Kombe la Dunia ni wazi zaidi: anayeshika nafasi ya tatu anarudi nyumbani ameshinda mechi yake ya mwisho, wa pili anarudi amefungwa. Ukitolewa robo fainali kombe hulioni hata kwa mbali. Ukipoteza fainali unapitishwa kando yake, limefungwa utepe wa rangi za mwenzako.

"Fulani katupotezea kombe"

Hapa ndipo sisi mashabiki wenyewe tunapodanganyana, na wa mbali ndio wabaya zaidi, kwa sababu tunaona marudio mara hamsini na mchezaji hatutakutana naye maishani.

Mfano unaojulikana kote ni Roberto Baggio, Pasadena, 17 Julai 1994. Ukimuuliza mtu yeyote atakwambia Baggio alikosa penalti Italia wakapoteza Kombe la Dunia. Picha ipo: kasimama, mikono kiunoni, kichwa kimeinama. Sasa tuhesabu. Kabla yake Franco Baresi alipaisha, na Daniele Massaro penalti yake ikadakwa na Taffarel, kipa wa Brazil. Baggio alipouweka mpira chini, Brazil walikuwa 3, Italia 2, na Brazil walikuwa bado na mkwaju mmoja. Angefunga ingekuwa 3-3, na Mbrazil mmoja angefuata na nafasi ya kumaliza mechi. Baggio hakuwa na uwezo wa kuishindia Italia kwa mkwaju ule. Na bila yeye wasingefika Pasadena: ndiye aliyesawazisha dhidi ya Nigeria dakika ya 88 kisha akafunga la ushindi kwenye muda wa nyongeza, akawatoa Hispania, akawafunga Bulgaria mawili kwenye nusu fainali. Magoli matano. Dunia inakumbuka mpira mmoja uliopaa.

John Terry wa Chelsea, fainali ya Ligi ya Mabingwa mwaka 2008, ni kesi nyingine, lazima tuseme haki. Yeye angefunga pale Moscow, Chelsea wangekuwa mabingwa. Aliteleza, mpira ukagonga mwamba. Lakini hata hapo matuta yaliendelea, na ya mwisho ilikuwa ya Nicolas Anelka, iliyookolewa na Van der Sar, kipa wa Manchester United. Kipa Moacir Barbosa wa Brazil alibebeshwa lawama za mechi ya 1950 ya kuamua Kombe la Dunia dhidi ya Uruguay pale Maracanã mpaka alipofariki mwaka 2000. Miaka 50 kwa goli la Ghiggia wa Uruguay, katika mechi iliyochezwa na watu 22.

Juanfran simlaumu. Mwanzoni mwa kipindi cha pili cha fainali ileile ya Milan, Griezmann wetu naye aligongesha penalti kwenye mtambaa wa panya, naye simlaumu. Ramos namlaumu, lakini huyo si wetu.

"Bingwa ndiye aliyekuwa bora"

Mara nyingi, ndiyo. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, Munich 2012, hapana. Bayern, kwenye uwanja wao wa nyumbani, walipata kona 20, Chelsea moja. Ile moja Drogba akaipiga kichwa dakika ya 88, ikawa 1-1, Robben akakosa penalti kwenye muda wa nyongeza, na kombe likaondoka kwa matuta. Mpira una magoli machache, na panapokuwa na magoli machache ajali moja inatosha. Aliyepoteza fainali hajathibitishiwa kuwa duni. Mtani wako hatakubali, na huna haja akubali.

"Ni mpira tu, haujaua mtu"

Hili lisemwe kwa tahadhari. Kombe la Dunia la 2006 lilipochezwa Ujerumani, madaktari walihesabu dharura za moyo katika eneo la Munich. Siku ambazo Ujerumani ilicheza, ziliongezeka mara 2.66 ukilinganisha na siku za kawaida. Kwa wanaume mara 3.26, kwa wanawake mara 1.82. Na kati ya mechi 7 za Ujerumani ni 2 tu zilizochezwa Munich, kwa hiyo usiseme presha ni ya walioko uwanjani. Waliokuwa tayari na ugonjwa wa moyo ndio waliokuwa hatarini zaidi. Kama unao, meza dawa zako kabla ya mechi kama ulivyoandikiwa, na ukihisi kifua kinabana dakika ya 85 usingoje filimbi ya mwisho ndipo uende hospitali.

"Sitapona hii" na "Mwakani zamu yetu"

Haya tunajiambia wenyewe, la kwanza usiku, la pili asubuhi. Kuhusu la kwanza, mwanasaikolojia Timothy Wilson na wenzake mwaka 2000 waliwauliza mashabiki wa timu za vyuo, kabla ya mechi, matokeo yatawaathiri kwa muda gani. Walikadiria muda mrefu kuliko ilivyokuja kuwa. Walioombwa kwanza wafikirie mambo mengine watakayoyafanya siku zinazofuata walikadiria kwa kiasi zaidi. Tunasahau kwamba Jumatatu kuna foleni, kuna nguo za kufua, kuna mtoto anayeuliza kwa nini hujanyoa ndevu. Mimi baada ya Lisbon nilijipa mwezi mzima wa kununa. Siku ya tano nilijikuta nacheka kichekesho kuhusu Ramos, tena kibaya.

La pili halina uhakika wowote. AC Milan walilia Istanbul 2005, fainali ya Ligi ya Mabingwa, wakiwa wameongoza 3-0 mbele ya Liverpool, na mwaka 2007 wakawafunga haohao 2-1 Athens. Bayern walilia 2012, wakabeba 2013. Lakini Juventus wamepoteza fainali saba za kombe hilo, tano kati yake tangu walipolibeba mara ya mwisho 1996. Uholanzi wamefika fainali tatu za Kombe la Dunia, 1974, 1978 na 2010, wakarudi mikono mitupu mara zote. Atlético vilevile tatu, za Ulaya: mwaka 1974 walikuwa wanaongoza 1-0 hadi dakika ya 120, Schwarzenbeck wa Bayern akapiga shuti la mbali, likaingia, na mechi ya marudio siku mbili baadaye wakafungwa 4-0. Kisha Lisbon. Kisha Milan.

Ratiba ya msimu mpya ikitoka huwa naiangalia siku hiyohiyo. Rimoti ni ileile, betri zimeshikiliwa na selotepu.