Hadithi Fupi Inayobeba Maisha Mazima: Ninavyowasoma Waandishi wa Kanada

Vitabu vyetu vya fasihi humwambia mwanafunzi kwamba hadithi fupi huwa na tukio moja, wahusika wachache na muda mfupi. Mimi nafundisha uandishi wa hadithi, na nikifika kwa waandishi wa Kanada fasili hiyo huiweka kando, kwa sababu Alice Munro aliikiuka karibu maisha yake yote ya uandishi.

Chukua The Bear Came Over the Mountain, iliyotoka katika jarida la The New Yorker mwishoni mwa 1999. Fiona na Grant, vijana bado, wako ufukweni Port Stanley, siku ya baridi na upepo. Binti ndiye anayemtaka kijana waoane, na kijana anakubali palepale. Panafuata nafasi tupu kwenye ukurasa. Aya inayofuata, wanandoa hao wanajiandaa kutoka nyumbani, na Fiona anaona alama iliyoachwa kwenye sakafu ya jikoni na viatu vyake vyeusi vya bei rahisi. Ana miaka 70. Anapelekwa kwenye makao ya kutunzia wazee kwa sababu kumbukumbu zinamtoka.

Hakuna "miaka mingi ikapita". Ndoa nzima imo ndani ya ile nafasi tupu, na kurasa zilizobaki zinaitoa kidogo kidogo, pamoja na usaliti wa Grant enzi zile akifundisha chuo kikuu. Wanafunzi huniuliza kwa nini msomaji hapotei. Hapotei kwa sababu ya ile alama ya sakafuni. Munro akiruka miaka, hutua kwenye kitu unachoweza kukigusa. Mbele kidogo tunaambiwa kwamba Fiona amekuwa akibandika vikaratasi vya njano nyumba nzima, hata kwenye droo za jikoni: visu, vijiko na uma, vitambaa vya kukaushia vyombo. Grant anajiuliza kwa nini asifungue tu droo akaangalia kilichomo. Mwandishi hajatutajia ugonjwa wowote, lakini sisi tumeshaelewa, na tumeelewa kabla ya mume kukubali kuelewa. Sijui njia bora zaidi ya kumfundisha mtu kuonyesha badala ya kueleza.

Sasa, kipaji pekee hakitoshi kueleza kwa nini hadithi fupi ilistawi Kanada namna ile. Munro alizaliwa 1931 Wingham, Ontario, binti wa mfugaji wa mbweha. Alikuwa mama kijana mwenye watoto wadogo na kazi za nyumbani, na alichoweza kukimaliza katika saa alizozipata ni hadithi fupi. Kilichomwokoa ni kuwapo kwa mahali pa kuzipeleka. Robert Weaver, mtayarishaji wa vipindi wa redio ya taifa, CBC, alinunua hadithi zake tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati hana kitabu hata kimoja. Mwaka 1954 Weaver alianzisha kipindi cha Anthology, kilichodumu hadi 1985, na 1956 akashiriki kuanzisha jarida la The Tamarack Review. Kitabu cha kwanza cha Munro kilitoka 1968. Nobeli ikaja 2013. Hili nalisisitiza kuliko yote. Kwetu mlango ulio wazi zaidi kwa hadithi fupi ni diwani za shule, na mwandishi huanza kuandika akiwa na mtihani akilini. Redio na jarida linalolipa vingempa msomaji mwingine kabisa wa kumfikiria.

Siwezi kumtaja Munro nikaliruka jambo moja. Julai 2024, miezi miwili baada ya kifo chake, binti yake alieleza hadharani kwamba alidhulumiwa kingono na baba wa kambo akiwa mtoto, na kwamba mama yake, alipoambiwa, alibaki na mume huyo. Hadithi zake zimejaa watu wanaojua na kunyamaza. Darasani huwaambia wanafunzi habari hiyo kabla hatujafungua ukurasa.

Kanada si Munro peke yake. Mavis Gallant wa Montreal alihamia Paris na kutoka huko akachapisha hadithi zaidi ya 100 katika The New Yorker. Alistair MacLeod wa Cape Breton alikwenda kinyume chake: diwani ya hadithi zake zote, ya mwaka 2000, ina hadithi 16 tu, za wavuvi na wachimba makaa. Alikuwa na desturi ya kuandika sentensi ya mwisho akiwa katikati ya hadithi ili ajue anakoelekea. Mwanafunzi anayekwama nampa zoezi hilo.

Na yuko M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi 1950, akakulia Dar es Salaam na kuhamia Kanada 1978. Diwani yake, Uhuru Street, inafuata familia za Wahindi wenye maduka kwenye mtaa huo wa Dar, tangu enzi za mkoloni hadi wengi wao walipotawanyika ughaibuni. Anayesoma Kiingereza na anaijua Kariakoo aanze na hiyo, kabla ya Munro. Azisome hadithi kwa mpangilio wake, maana zimeshikana, na muda unaoruka baina ya hadithi moja na nyingine unafanya kazi ileile ya nafasi tupu ya Munro.