Ukumbi wenye paa la juu Dodoma: poza pale walipo watu

Kila ifikapo Oktoba napigiwa simu na wenye kumbi na wazee wa makanisa hapa Dodoma, na swali ni lile lile: "Injinia, tuongeze viyoyozi vingapi?" Mimi naomba kwanza kipimajoto na mti mrefu. Saa 8 mchana pima usawa wa viti, kisha pima chini kidogo ya bati. Kwenye ukumbi usio na siling bodi, tofauti ya nyuzi 10 ni jambo la kawaida. Hewa ya moto ni nyepesi, inakaa juu. Ya baridi ni nzito, inatulia sakafuni.

Hali hiyo inakufaa, mradi usiivuruge. Chukua ukumbi wa mita 20 kwa 30, kimo mita 8. Una mita za ujazo 4,800 za hewa, lakini waliokaa wanahitaji mita 2 za chini tu, yaani 1,200. Robo tatu nzima haina mtu, na huko ndiko umeme unakopotelea.

Kumbi nyingi viyoyozi vimefungwa mita 5 juu, visiguswe na watu. Sasa, kiyoyozi cha ukutani kina sensa (kifaa kinachopima joto) pale kinapovutia hewa. Huko juu sensa inasoma nyuzi 33, wakati akina mama mstari wa mbele wameshajitanda khanga kwa baridi. Rimoti inasema 24, kompresa haipumziki. Kishushe hadi mita 3 au chini ya hapo, au tafuta aina ambayo sensa yake inafungwa ukutani usawa wa aliyekaa. Na kikiwashwa, funga madirisha na luva.

Bati nalo lina yake. Likipigwa jua, hasa lenye kutu au rangi nzito, linashusha joto kwa mionzi moja kwa moja vichwani, hata kama hewa imepoa. Ndiyo maana mtu anatoka jasho kwenye nyuzi 26. Rangi nyeupe juu ya bati inarudisha sehemu kubwa ya jua. Chini yake weka foili, ila iache nafasi ya sentimita kadhaa bila kugusa bati, na upande unaong'aa uelekee chini. Ukielekea juu, vumbi letu litaufunika na foili itapoteza nguvu. Mkiwa na fedha ya kazi moja tu mwaka huu, naomba sana iwe hii.

Pangaboi linatumia wati 70 hivi. Kiyoyozi cha BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinakaribia wati 2,000. Upepo mwanana unamfanya mtu ahisi joto limepungua nyuzi 2 au 3. Lakini likibanwa mita 7 juu linachota hewa ya moto ya darini na kuwamwagia watu. Lishushe kwa bomba hadi mita 3.

Tuna bahati nyingine ambayo Dar es Salaam hawana. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kiangazi hewa ni kavu, hivyo usiku unapoa haraka. Fungua madirisha na luva za juu saa 3 usiku (weka nondo na wavu), ufunge saa 1 asubuhi. Sakafu ya zege na kuta za tofali zikishapoa usiku, zinakubebea asubuhi yote.

Juni na Julai kazi inageuka. Ibada ya asubuhi, upepo wa mashariki unapenya kila mwanya, na watu wanauliza hita. Mtu aliyekaa anatoa joto la wati 100 hivi. Waumini 300 ni sawa na pasi 30 zimewashwa. Joto hilo lote linapanda na kupotelea kwenye bati. Ziba madirisha ya mashariki, kisha washa pangaboi polepole sana, likizungushwa kinyume ili lisiwapulizie watu vichwani, na joto hilo litarudi chini kupitia kuta za pembeni.