PCM si kinga, BAM si ugonjwa

Mwaka wa kwanza wakimiminika chuoni nakuwa najua nitakachosikia: "Dokta, mimi nimetoka PCM, hizi hesabu za mwaka wa kwanza ni marudio tu." Nyuma yake anakuja mwingine, sauti ya mgonjwa: "Mimi nilisoma BAM, nitafutie kozi nyepesi." PCM ni kombi ya fizikia, kemia na hisabati kidato cha tano na sita; BAM ni hisabati ya msingi ya wale ambao kombi yao haina hisabati kamili. Safari hii sentensi ya kwanza imeletwa na mzazi, kwa simu, saa tatu usiku. Basi ngoja niandike, nikiulizwa tena nitume linki.

Tuelewane kwanza kwamba wengi hamchagui kitu. Ukishapangiwa uhandisi, hisabati yako imeshapangwa, nenda darasani. Wenye kuchagua ni wa ualimu wanaooanisha masomo mawili ya kufundishia, wa uchumi, wa takwimu, na wa kompyuta wenye nafasi ya kozi za hiari. Nawaandikia hao.

Ni kweli mada zinafanana. Aliyefanya hisabati ya PCM au EGM (uchumi, jiografia na hisabati) amekaa karatasi mbili za NECTA, baraza la mitihani: kalkulasi, namba changamano, vekta, hata milinganyo ya difrensha. Wa BAM alikaa karatasi moja, ana difrensiesheni na intigresheni kidogo, matriksi, takwimu. Kwenye kozi ya kalkulasi ya kukokotoa, wa PCM ana nafuu ya wiki kadhaa. Nafuu hiyo sibishani nayo.

Ninachobishana nacho ni kuibeba nafuu hiyo mpaka kwenye analisisi, kozi ya kuthibitisha kwa nini kalkulasi inafanya kazi. Muulize mwenye A yake: sin x gawanya kwa x, x ikikaribia sifuri, kikomo ni ngapi? Atajibu kabla hujamaliza: 1, kwa kanuni ya L'Hôpital, difrenshieti juu, difrenshieti chini. Sawa. Sasa nani alikuambia difrensha ya sin ni cos? Ukiitafuta kutoka kwenye maana yenyewe ya difrensha, katikati ya njia unakutana na sin h gawanya kwa h, h ikikaribia sifuri. Yaani umetumia jibu kulipata jibu. Hapo kijana ananikasirikia, maana 1 ni sahihi! Ndiyo, ni sahihi. Kozi hii haikuulizi jibu, inakuuliza una haki gani ya kulisema. Kidato cha sita hukuulizwa hivyo mara nyingi, na A yako imepima kasi na usahihi wa kukokotoa, vitu vizuri kabisa, lakini si hiki.

Halafu inakuja epsiloni na delta: epsiloni ni ukaribu wa jibu unaodaiwa, delta ni ukaribu wa x unaotosha kuupata. "Kwa kila epsiloni kuna delta" ni jambo moja, "kuna delta moja ya kutosha kila epsiloni" ni jambo lingine kabisa. Kusema kila abiria ana kiti si kusema kuna kiti kimoja cha abiria wote, ingawa kuna makonda wanaoamini hivyo. Ukigeuza mpangilio huo kwenye maana ya mwendelezo, umedai kwamba fanksheni yako haipandi wala haishuki karibu na nukta ile, ni mstari uliolala. Kila mwaka nasahihisha mitihani ambamo fanksheni zote za dunia zimelazwa namna hii, na wenye karatasi hizo wengi wametoka PCM. Mada ya lojiki waliisoma, majedwali ya kweli na uongo wanayajaza vizuri sana.

Na wewe wa BAM, usianze kushangilia. Namba changamano utazisoma mwezi mmoja ukazipata. Kitakachokuangusha ni aljebra ya vidato vya chini: sehemu zenye herufi, logi, na alama za "ndogo kuliko" zinazogeuka ukizidisha kwa hasi. Hiyo haikai kwenye desa la kukesha nalo usiku mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua, omba mitihani ya miaka iliyopita ya kila kozi unayoitamani, usome vitenzi tu. Maswali yakijaa "tafuta" na "kokotoa", angalia ulisoma mada gani. Yakijaa "thibitisha" na "onyesha kwamba", kombi yako weka pembeni, kaa na daftari tupu uthibitishe kuwa n² ikiwa shufwa, n nayo ni shufwa. Ukikwama si kitu. Ukiona swali lenyewe ni la kipuuzi, fikiria upya. Na notisi za masomo za vyuo vya Kenya zisikupoteze: mwenye KCSE, mtihani wao wa kidato cha nne, anaingia chuo bila kidato cha tano na sita, kalkulasi aliyonayo ni ya polinomia, kwa hiyo kozi yao ya mwanzo inaanzia chini kuliko ya kwenu.

Nani atafaulu analisisi? Sijui. Nimeona wa BAM akitulia nayo na mwenye A akila supu, yaani kurudia mtihani, nimeona pia kinyume chake, na mazungumzo ya dakika kumi ofisini hayajawahi kunionyesha tofauti. Sina hakika hata kama kuiweka muhula wa kwanza ni busara. Newton na Leibniz walitumia kalkulasi karne ya 17 bila maana safi ya kikomo; Cauchy alikuja kuinyoosha mwaka 1821, na Weierstrass akaimalizia baada yake. Ninyi tunawapa muhula mmoja.

Aljebra ya mstari ndiyo inayowaweka sawa. Wiki za matriksi wote mtazijua. Siku vekta itakapoacha kuwa mshale wa i, j na k ikawa polinomia, wa PCM atang'ang'ania mshale wake, wa BAM hatakuwa na mshale wa kung'ang'ania. Mwenye BAM na nafasi moja ya hiari ningemwanzishia hapo, analisisi asubiri muhula wa pili kama idara yake inaruhusu.