Nani Mwenye Mamlaka ya Kuingia Vitani? Kura za Upinzani katika Bunge la Marekani

Ibara ya kwanza ya Katiba ya Marekani inalikabidhi Bunge, si Rais, mamlaka ya kutangaza vita. Waliotunga Katiba hiyo mwaka 1787 walikuwa wametoka chini ya utawala wa mfalme, nao hawakutaka mtu mmoja aweze kupeleka vijana vitani kwa uamuzi wake peke yake. Hata hivyo, Bunge hilo halijatangaza vita rasmi tangu mwaka 1942, ilhali majeshi ya nchi hiyo yamepigana Korea, Vietnam, Afghanistan, Iraq na kwingineko. Wakosoaji wa sera ya nje ya Marekani huhesabu maafa ya nchi zinazopigwa, na ni haki yao. Lakini hoja yao ninayoiona nzito zaidi inahusu demokrasia ya Marekani yenyewe.

Mwezi Agosti 1964, Rais Lyndon Johnson aliliomba Bunge ruhusa ya kutumia nguvu baada ya kutoa taarifa kwamba manowari za Marekani zimeshambuliwa mara mbili katika Ghuba ya Tonkin, karibu na pwani ya Vietnam. Tarehe 7 Agosti Baraza la Wawakilishi liliafiki kwa kura 416 bila hata moja ya kupinga, na Seneti kwa kura 88 dhidi ya 2. Waliokataa walikuwa Wayne Morse wa Oregon na Ernest Gruening wa Alaska, waliosema kwamba Bunge linajivua jukumu lake la kikatiba. Baadaye ilithibitika kwamba shambulio la pili halikutokea kamwe. Kufikia hapo Wamarekani zaidi ya 58,000 walikuwa wamekufa, pamoja na Wavietnam wengi mno kuliko hao, na maseneta wote wawili walikuwa wamepoteza viti vyao mwaka 1968.

Tarehe 14 Septemba 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Barbara Lee, mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kutoka California, alisimama bungeni huku sauti ikimtetemeka kupinga kifungu cha kumruhusu Rais kutumia nguvu dhidi ya waliohusika na mashambulizi hayo. Alikuwa ametoka kwenye ibada ya maombolezo, na alirudia maneno ya kasisi aliyeomba kwamba, katika kuchukua hatua, wasije wakageuka kuwa uovu ule ule wanaoulaani. Kura za baraza hilo zilikuwa 420 dhidi ya 1, nayo hiyo moja ilikuwa yake. Alitishiwa kuuawa, akalazimika kulindwa na polisi.

Hofu yake ilikuwa na msingi. Kifungu chenyewe kilikuwa na maneno 60 tu, hakikutaja nchi wala ukomo wa muda. Kwa kifungu hicho hicho, serikali zilizofuata zilihalalisha mashambulizi ya anga nchini Somalia dhidi ya Al-Shabaab, kundi ambalo mwaka 2001 halikuwapo. Kijana wa Marekani aliyezaliwa mwaka huo alifikia umri wa kupiga kura na hata kuvaa sare ya jeshi, bila mbunge wake kuwahi kuulizwa kama vita hivyo vya Somalia vipiganwe au la. Na Msomali ambaye kombora liliangukia karibu na nyumba yake hakuwa na mbunge yeyote huko wa kumlalamikia. Wapiga kura wa Oakland, mji wa California aliouwakilisha Lee, kwa upande wao, waliendelea kumrudisha Lee bungeni kwa zaidi ya miaka 20.