Tamasha la Jazi la Newport: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila Julai inapokaribia, mjadala katika kundi letu la marafiki hapa New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, huwa ni mmoja: nani anakwenda Newport safari hii? Majibu nayo hayabadiliki. Huyu atasema huko ni kwa Wazungu wenye pesa. Yule atasema jazi ni muziki wa wazee. Mwingine atauliza kwa nini tuwaze muziki usiotuhusu wakati nyimbo zetu zipo. Naandika haya kwa sababu watu wangu wanakosa jambo kubwa kwa kushikilia habari zisizo sahihi, na baadhi ya habari hizo zinawadhulumu wanamuziki weusi waliolijenga tamasha lile kwa jasho lao.

"Newport ni mji wa bara tu"

Newport uko kwenye ncha ya kusini ya kisiwa cha Aquidneck, ndani ya ghuba ya Narragansett. Kisiwa hicho ndicho kilichoitwa Rhode Island, kisha jina likachukuliwa na jimbo zima. Anayetokea magharibi kwa gari anavuka maji mara mbili, mara ya pili juu ya daraja refu la Pell lililofunguliwa mwaka 1969. Tamasha lenyewe hufanyika Fort Adams, ngome ya mawe iliyoanza kujengwa mwaka 1824 kulinda mlango wa bandari. Mtu aliyekulia Mombasa akiiona atakumbuka Fort Jesus, ingawa ile yetu ni kongwe zaidi kwa karne mbili na ushei. Jukwaa kubwa liko kando ya bahari, na wenye mashua hutia nanga karibu wakasikiliza wakiwa majini.

"Jazi ni ya usiku, ya suti, na ya kukaa kimya"

Muziki wa Fort Adams hupigwa mchana kweupe, kuanzia asubuhi hadi jua linapokaribia kuzama. Watu huvaa kaptura na makobazi. Hutandika mikeka na mablanketi kwenye nyasi, watoto wakikimbia huku na huku. Anayekuja na suti atajuta kabla ya saa sita mchana, kwa sababu kivuli ni kidogo na jua la pwani halina huruma. Njooni na kofia.

Na kuhusu kucheza, usiku unaosimuliwa kuliko mwingine wowote katika historia ya Newport ni usiku ambao watu walikataa kukaa vitini. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 7 Julai 1956. Duke Ellington, mpiga piano na kiongozi wa bendi kubwa ya jazi, alikuwa amefika na bendi ambayo wengi waliiona imeshapitwa na wakati. Alipanda jukwaani kwa kipindi chake kikuu karibu na saa sita ya usiku, baadhi ya watu wakiwa wameanza kuondoka. Kisha akamwachia nafasi mpiga saksafoni Paul Gonsalves, naye akapiga mizunguko 27 ya wimbo mmoja mfululizo bila kupumzika. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele akasimama akaanza kucheza peke yake, na muda si mrefu uwanja mzima ulikuwa umelipuka. Mwezi uliofuata Ellington alikuwa kwenye jalada la jarida la Time. Mwenyewe alizoea kusema kwamba alizaliwa Newport mwaka 1956.

Gonsalves anastahili kutajwa zaidi ya anavyotajwa. Wazazi wake walitoka Cape Verde, visiwa vya Afrika, na yeye alikulia hukuhuku Rhode Island. Kwa hiyo aliyelitikisa jukwaa la kisiwa hiki alikuwa mtoto wa visiwa vyetu wenyewe Waafrika.

"Santuri ya Ellington ni kila kitu kama kilivyosikika uwanjani"

Hii wanaiamini hata wapenzi wa jazi wa siku nyingi, na mimi naona ukweli wake unavutia kuliko hadithi yenyewe. Santuri iliyotoka mwaka huohuo ilitangazwa kama muziki wa jukwaani, lakini sehemu yake kubwa ilirekodiwa upya studio siku mbili baada ya onyesho, kisha makofi na kelele za watu vikaongezwa juu yake. Ellington hakuridhika na namna bendi ilivyopiga utungo wake mpya ulioandaliwa kwa ajili ya tamasha.

Mizunguko 27 ya Gonsalves ilikuwa ya kweli, ya palepale uwanjani, ila ilisikika kwa mbali. Sababu ni kwamba alikuwa amesimama mbele ya kipaza sauti kisicho cha kampuni ya santuri. Kilikuwa cha Sauti ya Amerika, redio iliyokuwa ikirekodi onyesho kwa ajili ya matangazo yake ya nje. Mkanda wa redio ulikuja kupatikana miaka mingi baadaye. Mwaka 1999 ukaunganishwa na ule wa kampuni, sauti moja sikio la kushoto na nyingine la kulia, na ndipo dunia ikasikia vizuri kilichotokea. Anayetaka kulisikia onyesho lile atafute toleo la 1999.

"Ni mahali pa Wazungu matajiri"

Hapa kuna nusu ya ukweli, na inafaa kusemwa wazi. Newport ni mji wa majumba ya kifahari. Wazo la tamasha lilitoka kwa Elaine Lorillard na mumewe Louis, watu wa ukoo uliotajirika kwa tumbaku. Tamasha la kwanza, Julai 1954, lilifanyika Newport Casino, ambayo licha ya jina lake ni klabu ya tenisi. Lakini waliopanda kwenye nyasi zile ni nyota weusi wa jazi: Billie Holiday, Ella Fitzgerald, Dizzy Gillespie, Lester Young. Mwendeshaji, George Wein, alikuwa mpiga piano wa Kiyahudi aliyekuwa na klabu ya jazi Boston. Mwaka 1959 alimwoa Joyce Alexander, mwanamke mweusi, wakati ambapo majimbo mengi ya Marekani bado yalikuwa yameharamisha ndoa ya namna hiyo. Wein alifariki mwaka 2021. Kiongozi wa kisanii wa tamasha kwa miaka mingi sasa ni Christian McBride, mpiga besi mweusi kutoka Philadelphia.

Na mji wenyewe una historia yetu kwa undani unaouma. Katika karne ya 18, meli zilizotoka Rhode Island kwenda Afrika kuchukua watumwa zilikuwa nyingi kuliko za koloni nyingine yoyote ya Amerika Kaskazini, na Newport ilikuwa bandari kuu ya biashara hiyo. Kundi lenu likifika, tengeni muda kabla ya muziki mwende barabara ya Farewell, kwenye makaburi yanayoitwa God's Little Acre. Wamezikwa pale Waafrika waliokuwa watumwa na waliokuwa huru, na mawe yao bado yanasomeka baadhi. Kwangu mimi, kusikiliza jazi Newport bila kupita pale ni ziara iliyokatwa katikati.

"Fujo za 1960 zililetwa na jazi"

Nimesikia hii ikisemwa kwa namna mbili: kwamba muziki uliwapandisha watu mori, au kwamba "watu weusi walifanya fujo". Zote si kweli. Jumamosi ya tarehe 2 Julai 1960, maelfu ya vijana, wengi wao Wazungu wa vyuoni waliokuja kunywa ufukweni, walizuiwa kuingia uwanjani kwa sababu tiketi zilikuwa zimekwisha. Wakaanza kurusha chupa na mawe. Polisi walijibu kwa mabomu ya machozi na mabomba ya maji, na askari wa akiba wa jimbo wakaitwa. Waliokuwa ndani wakimsikiliza mwimbaji Ray Charles hawakuwa na hatia. Hata hivyo baraza la mji lilifuta siku zilizobaki, likiacha tu kipindi cha bluzi cha Jumapili alasiri.

Nyota wa kipindi hicho alikuwa mwimbaji wa bluzi Muddy Waters. Mshairi Langston Hughes, aliyekuwa mmoja wa wajumbe wa bodi ya tamasha, aliandika palepale mashairi ya kuiaga Newport juu ya karatasi ya telegramu. Mpiga piano Otis Spann akayaimba kufunga onyesho. Wengi waliamini siku ile kwamba tamasha limekufa.

Wikiendi hiyohiyo, mahali pengine kisiwani humohumo, kulikuwa na tamasha la pili ambalo wengi hawalijui kabisa. Mpiga besi Charles Mingus na mpiga ngoma Max Roach walikuwa wamechoka kuona Newport ikimwaga pesa kwa majina makubwa yanayovuta umati, huku wanamuziki wanaousogeza muziki mbele wakipewa kidogo. Wakaandaa lao katika hoteli ya Cliff Walk Manor. Walijenga jukwaa wenyewe na kuuza tiketi wenyewe. Coleman Hawkins, aliyeifundisha dunia kupiga saksafoni ya tenor, alipiga pale, na Ornette Coleman kijana wa mkondo mpya naye akapiga palepale. Hapakuwa na fujo yoyote. Ukiniuliza mimi, tamasha lile dogo ndilo tukio kubwa zaidi la wikiendi ile, kwa sababu wanamuziki weusi walionyesha kwamba wanaweza kuwa wenye mali ya kazi yao.

"Jazi haituhusu sisi Waswahili"

Basi fuateni watu wawili wa wikiendi ile, Langston Hughes na Max Roach, hadi Novemba ya mwaka huohuo wa 1960. Wote wawili wamo katika kazi ya mpiga piano Randy Weston iitwayo *Uhuru Afrika*, iliyorekodiwa New York katika mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru. Hughes aliandika maneno. Roach alikuwa miongoni mwa wapiga ngoma na midundo. Melba Liston, mwanamke mweusi aliyekuwa fundi wa kupanga sauti za bendi kubwa, ndiye aliyepanga muziki wote. Na sauti ya kwanza anayosikia msikilizaji, juu ya ngoma, ni ya Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, akisoma kwa Kiswahili. Weston alikichagua Kiswahili kwa makusudi, kama lugha ya Kiafrika inayovuka mipaka ya makabila. Tanganyika yenyewe ilikuwa bado mwaka mmoja kabla ya kupata uhuru wake. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku santuri hiyo.

Miaka kumi baadaye mpiga piano wa jazi Herbie Hancock na wenzake walichukua majina ya Kiswahili waliyopewa kupitia mpiga ngoma James Mtume: Hancock akawa Mwandishi, Buster Williams akawa Mchezaji, Billy Hart akawa Jabali, Eddie Henderson akawa Mganga. Nikiwa kwenye nyasi za Fort Adams na wenzangu tukipiga gumzo kwa lugha yetu, sijioni mgeni hata kidogo.

Kuna upande wa pili wa dhana hii. Wapo wanaodhani tayari wanaijua jazi kwa sababu walikua na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, Western Jazz, au Dar es Salaam Jazz Band iliyoanzishwa mwaka 1932. Bendi hizo ni hazina, na sitaki mtu azidharau mbele yangu. Ila muziki wao ni dansi, na mzizi wake mkubwa ni rumba ya Cuba iliyotufikia kwa santuri za GV, mfululizo wa kampuni ya HMV. Jazi ya Newport imetoka kwenye bluzi, nyimbo za kanisani na bendi za New Orleans, na ndani yake mpigaji hutunga papo hapo. Anayekuja akisubiri gitaa la solo la Mbaraka atakaa saa nzima akijiuliza limekwenda wapi. Muanzie Ellington, kisha Mingus, sikio litafunguka.

"Limekuwepo bila kukatika tangu 1954"

La. Baada ya 1960 Wein alirudi mwaka 1962. Mwaka 1971 watu waliovunja uzio walivamia jukwaa mwimbaji Dionne Warwick akiwa anaimba, tamasha likafutwa, na mwaka uliofuata likahamia New York. Lilirejea kisiwani mwaka 1981, safari hii Fort Adams. Mwaka 2020 lilikatizwa na korona.

"Bila hoteli ya kisiwani haiwezekani"

Kweli hoteli za Newport wakati wa kiangazi ni ghali mno. Lakini si lazima kulala pale. Kutoka Boston ni mwendo wa gari kama saa moja na nusu barabara zikiwa wazi, na kutoka Providence, mji mkuu wa jimbo, basi namba 60 la RIPTA, shirika la mabasi la Rhode Island, linafika mjini Newport. Mkilala Providence au Pawtucket mkachanga gari moja, gharama inakuwa ya kibinadamu. Kinachowaumiza watu ni kuliendesha gari hadi mlangoni mwa ngome, kwa sababu barabara ni moja na nyembamba. Liacheni mjini, mvuke bandari kwa boti ya abiria kutoka Perrotti Park.

Tamasha ni Ijumaa hadi Jumapili, mwishoni mwa Julai au wikiendi ya kwanza ya Agosti, na hufanyika mvua inyeshe isinyeshe, hivyo beba koti la mvua na usilete pombe kutoka nje. Mkiwa kundi, msijaribu kukaa pamoja siku nzima. Majukwaa hupiga kwa wakati mmoja, na kumvuta rafiki kutoka kwa mwanamuziki anayempenda ni kumharibia siku. Tandikeni mkeka mmoja penye alama rahisi kuonekana, khanga iliyofungwa kwenye fimbo inatosha, kila mtu aende anakotaka, kisha mkutane hapo kula.